Salio Lililonenepa Jukwaani

"Hilo Salio litoke jukwaani sasa hivi!" nilisema.

"Dada, tuko mazoezini. Kaa chini."

"Sikai. Litoke, au nitalitoa kwa mkono wangu."

Mzee wa Ngoma akaacha kupiga. Binti yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akicheza Salio, akabaki katikati ya jukwaa amebenua kifua, hajui ashuke au aendelee. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima humwita Mkurugenzi, akatoka nyuma ya pazia la kushoto akiwa na penseli sikioni.

"Umeingiwa na nini?"

"Umemsikia alichosema?"

"Nimemsikia. Kasema vizuri, sauti imefika mpaka nyuma."

"Kasema Salio la mwaka jana linatosha kulipa kodi ya ukumbi miaka mitatu!"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Mwaka jana nilifunga hesabu tukiwa na kodi ya miezi miwili. Miwili! Na hapo nimehesabu mpaka sarafu zilizokuwa kwenye kopo la sukari. Hiyo miaka mitatu mmeiokota wapi?"

Mkurugenzi akamtazama Mzee wa Ngoma. Mzee wa Ngoma akaitazama ngoma yake kama mtu anayetafuta ufa.

"Dada," mdogo wangu akasema polepole, "hivyo ndivyo ilivyochezwa mwaka jana. Na wanachama wakapiga makofi."

Hapo nikakaa.

Kwa ambaye hajanisoma kwenye safu hii ya gazeti, nitasema kwa ufupi, maana kurudia habari kunanichosha. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo cha sanaa cha mtaani kwetu. Mchana nafanya hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, kwa diploma niliyoisomea huku nanyonyesha. Jioni nahangaika na waigizaji.

Wiki zilizopita niliwalilia vya kutosha. Mwaka huu mwenye ukumbi alitupandishia kodi ghafla. Wanachama, ambao hawakuwahi kunikwepa, wakaacha kulipa ada. Mfadhili wetu, mwenye mashine za kuchapa, akasema mwaka huu anawasaidia wenye shida zaidi. Niliwaita wote bahili na vigeugeu, na baadhi yenu mliniunga mkono.

Naomba mnirudishie maneno yangu. Hawakuwa bahili. Walikuwa wameuona mchezo.

Maana sisi, wasomaji wangu, taarifa ya fedha hatuisomi. Tunaicheza.

Waasisi wa kikundi waligundua tangu mwaka wa kwanza kwamba ukisimama mbele ya watu na makaratasi ya hesabu, mstari wa tatu wanaanza kusinzia na wa tano wanakoroma. Wakaamua kila mkutano mkuu wa mwaka hesabu zipande jukwaani. Mapato anaingia akicheza, kajaza mifuko. Matumizi anaingia na njaa yake, anamnyang'anya moja moja huku akitaja: kodi, umeme, vitambaa, nauli. Mwisho anaingia Salio, yaani kile kilichobaki, na kueleza hali yake. Mwanachama mwenye swali anapaza sauti, "Simama!" Ngoma inanyamaza, na aliye jukwaani anajibu hapo hapo. Wakipiga makofi, hesabu zimepita.

Vitabu vyangu vya hesabu vipo, kwenye rafu. Wasomaji wake ni mimi na mende.

Jambo la pili mlijue. Sisi hatuandiki michezo. Mkurugenzi anakaa nyuma ya pazia la kushoto na kumnong'oneza mwigizaji neno la kusema, na mwigizaji analisema. Akikwambia ruka, unaruka. Swali utauliza ukishatua. Hivyo ndivyo alivyowalea, na ndiyo sifa yetu.

Sasa, mwaka jana Matumizi alipokuwa anamaliza kula, taa za ukumbi zilizimika. Nilikimbia nje kumtafuta fundi wa umeme, nikasimama naye juani nikimshikia ngazi. Niliporudi, wanachama wote walikuwa wamesimama wanapiga makofi na vigelegele. Nilidhani wanazishangilia hesabu zangu. Nakiri, niliinama kama bibi arusi anayepokea zawadi.

Kumbe walikuwa wanashangilia miaka mitatu.

"Kwa hiyo," nilimwambia mdogo wangu pale mazoezini, "wanachama wanaamini tuna pesa."

"Wanaamini."

"Ndiyo maana ada hawalipi. Kama Salio limenenepa hivyo, ada ya nini?"

Akaitoa penseli sikioni, akaitazama ncha.

"Na mfadhili alikuwepo. Kaona tumeshiba, kaenda kwa wenye njaa."

"Inawezekana."

"Na mwenye ukumbi? Alikuwepo?"

"Kiti cha mbele," alisema Mzee wa Ngoma, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Nilicheka. Sijui kwa nini. Mwaka mzima nimetembea kwenye jua nikibisha milango ya watu kudai ada, wananiambia, "Mama Hazina, acha kutuchekesha." Mwaka mzima nimekuwa nikimbembeleza mwenye ukumbi, ananijibu, "Watu wenye uwezo wenu wanalialia nini?" Nikadhani ni kejeli. Kumbe sote tulikuwa wakweli, ila kila mtu na hesabu zake.

"Sasa tunafanyaje?" niliuliza. "Mkutano ni Jumapili."

Mkurugenzi akavuta kiti akakigeuza, akakikalia kinyume, kama afanyavyo akitaka kumshawishi mtu.

"Nimeshafikiria. Mwaka huu Matumizi awe na njaa kali. Anaingia, anamkuta Salio mnono, anamla polepole. Mavazi. Ukarabati. Safari za maonyesho. Mpaka mwisho wa mchezo Salio amekonda, amerudi kwenye ukweli wake. Hakuna atakayeumia."

"Safari zipi? Mwaka huu hatujavuka hata daraja!"

"Ni mchezo, dada."

"Si mchezo. Ni hesabu. Na mimi ndiye nitakayeulizwa risiti."

"Hakuna anayeuliza risiti jukwaani."

"Mdogo wangu, uongo wa kwanza umetugharimu ada, mfadhili na kodi. Unataka kuuletea mwenzake wazae?"

Akanyanyuka. Uso wake ukabadilika.

"Basi sawa. Tuseme ukweli. Ukweli ni kwamba mwanao alinogewa. Alisikia vicheko, akatia chumvi. Neno limetoka kinywani mwake, si mwangu. Simama Jumapili uwaambie wanachama hivyo."

Niligeuka kumtazama binti yangu. Alikuwa bado jukwaani. Kile kifua alichokibenua kilikuwa kimeshuka.

Hakukana.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa natembea mbele, yeye nyuma, na kila tulipopita kwenye kibaraza chenye watu, watoto walimwita, "Salio! Salio!" Jina hilo limemganda tangu mwaka jana. Zamani lilikuwa linanifurahisha.

Nyumbani nilimpa sufuria aoshe, nami nikasimama mlangoni pa jiko.

"Unajua watasema nini?"

"Najua, mama."

"Hujui, ngoja nikwambie. Watasema pesa zilikuwepo, na sasa hazipo. Mama ndiye anayeshika mfuko. Mjomba ndiye mkurugenzi. Mtoto ndiye aliyezitangaza. Watasema ukoo mzima umekaa mezani umekula. Msichana aliyeitwa mwizi kwenye mtaa huu hapewi hata genge la nyanya alilinde mwenye genge akienda chooni!"

Aliendelea kusugua sufuria. Ilikuwa imeshang'aa.

"Na yote kwa ajili ya makofi. Uliwahi kukosa makofi hapa nyumbani? Hukunyimwa kitu. Halafu unakwenda kujitia kimbelembele na pesa za watu. Wewe ni wa kunitia aibu mimi?"

Niliyasema hayo na mengine ambayo gazeti halitayachapa.

Alipoona nimemaliza, aliweka sufuria chini, akajifuta mikono.

"Mama, nilivyoingia jukwaani taa zilikuwa bado hazijawaka. Kulikuwa na ile taa moja ya betri. Nilijua ninachotakiwa kusema. Miezi miwili. Ulinifundisha mwenyewe, hapa hapa jikoni, nilikuwa nachambua mboga."

"Sasa?"

"Mjomba akaninong'oneza, 'Sema miaka mitatu.' Nikamtazama. Akarudia. 'Miaka mitatu, sema!'"

"Na wewe ukasema."

"Nikasema. Nilidhani umezipata baadaye ukamwambia yeye. Nilidhani mnajua nyinyi wakubwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Tulivyokuwa tunarudi, nilisema, 'Mama, zile pesa nyingi zimetoka wapi?' Ukasema, 'Tulia, leo tufurahi.'"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimebeba shada la maua ya plastiki alilonipa Dereva wa lori, mwanachama wetu mkongwe, kwa "kazi nzuri ya mwaka." Nilikuwa nimelewa sifa.

"Na leo, mjomba wako kakusingizia mbele yangu. Mbona ulinyamaza?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mjomba habishiwi mbele za watu."

Hilo lilinipata. Nilitafuta pa kukaa, nikakaa kwenye ndoo.

"Mama," akasema, "usimtaje. Akitajwa watamwondoa. Akiondoka yeye hakuna kikundi. Bora mimi. Mimi watasema ni mtoto, wataacha."

"Hawataacha."

"Wataacha, mama."

Ana miaka ya kuolewa lakini bado anaamini watu huacha.

Asubuhi sikwenda dukani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mdogo wangu. Riziki yake ni kuchora mabango ya maduka. Nilimkuta amechuchumaa anajaza rangi nyekundu kwenye herufi za kinyozi.

"Ulimnong'oneza wewe," nilisema.

Brashi haikutetereka. Alimaliza herufi, akaiweka brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, ndipo akaniangalia.

"Kaa, dada."

"Watu wote wananiambia kaa. Nimekaa vya kutosha. Kwa nini?"

"Wiki ile ya mkutano wa mwaka jana mwenye ukumbi aliniita. Akasema amepata mtu wa kuweka magodoro pale. Stoo ya magodoro, dada! Akasema sisi ni ombaomba wa kucheza, siku yoyote tutamkimbia na kodi yake. Halafu siku ya mchezo namwona kiti cha mbele, kakunja nne, anatabasamu. Anasubiri kusikia tulivyofilisika. Nikaangalia, wewe hupo, taa hazipo. Nikasema, leo atatuona watu."

"Akatuona. Akapandisha kodi."

"Lakini magodoro hayakuja."

Kuna wakati mtu anakupa jibu la kijinga lenye ukweli ndani yake, nawe unakosa pa kumpigia. Ukumbi upo. Watoto wa mtaa wanacheza pale kila jioni badala ya kukaa vijiweni. Magodoro hayakuja.

"Sasa jana umemtupia mwanangu kwa nini?"

Akainamisha kichwa. Huyu mdogo wangu nilimbeba mgongoni mama yetu alipolala kitandani mwaka mzima. Nakijua kisogo chake kuliko uso. Nikajua analia kabla hajalia.

"Niliogopa, dada. Nina nini mimi kingine? Mke aliondoka. Mabango haya, mvua ikinyesha yanafutika. Wakiniondoa pale nimekwisha."

"Na yeye akiitwa mwizi atakuwa ameanza?"

Akajifuta kwa mkono, akajipaka rangi nyekundu shavuni.

"Nitasema. Jumapili, kabla mchezo haujaanza, nitasimama mbele ya pazia niseme ni mimi. Neno la mwanamume."

"Neno la mwanamume nimeshaliona. Nipe neno la mdogo wangu."

"Neno la mdogo wako."

Nikamwamini. Nilikwenda dukani nimechelewa, bosi akanifokea, sikusikia hata neno moja, nilivyokuwa mwepesi.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Pesa, hata za hadithi, huvuta watu. Mwenye ukumbi alikuwa pale pale kiti cha mbele, viatu vimepigwa rangi. Nyuma yake Dereva wa lori, amekuja na wenzake wawili. Meza yangu ya mweka hazina huwekwa pembeni kushoto, karibu na pazia, kiasi kwamba upepo ukivuma pazia linanigusa bega. Nilikuwa na vitabu vyangu, vyote, nimevifuta vumbi.

Mkurugenzi akatoka mbele ya pazia. Kavaa shati jeupe. Moyo wangu ukampigia makofi.

"Ndugu wanachama," alianza, "mwaka huu umekuwa mgumu..."

Naam, sema.

"...lakini sanaa ni kama..."

Acha kama. Sema.

Akamtazama mwenye ukumbi. Mwenye ukumbi akakunja nne.

"...basi bila kuwachosha, mchezo uanze!"

Ngoma ikalia. Akapita karibu nami kwenda nyuma ya pazia. Nilimshika shati.

"Umeniahidi."

"Subiri kidogo, dada. Mwisho. Nitasema mwisho. Leo mwenye ukumbi yupo."

"Na mwaka jana alikuwepo!"

Akachomoka, nikabaki na mkono hewani.

Mapato akaingia, watu wakacheka kwa sababu mifuko yake ilikuwa imening'inia. Matumizi akaingia na njaa yake. Hawakucheka sana. Akataja kodi mpya, wakaguna, mwenye ukumbi akakohoa. Akataja umeme. Akataja vitambaa. Halafu akaanza kutaja safari. Safari za maonyesho! Nikajua mpango wa uongo haukufa, ulikuwa umelala tu.

Kisha akaingia binti yangu. Salio.

Ukumbi wote ukampigia makofi kabla hajasema neno, jinsi watu wanavyompigia makofi mgeni aliyebeba zawadi.

"Simama!"

Alikuwa Dereva. Ngoma ikanyamaza.

"Mimi ni mtu wa barabarani," akasema, "sijui mambo mengi. Ila najua mzigo. Ukipakia mzigo huku, ukishusha kule haupo, swali ni moja tu: umeshushwa wapi katikati? Mwaka jana Salio lilikuwa la miaka mitatu. Nilisikia kwa masikio yangu. Mwaka huu naona linaliwa na safari. Safari gani? Dereva wa mtaa huu ni mimi. Nani aliwabeba?"

Watu wakacheka.

"Sicheki mimi," akasema Dereva. "Nauliza. Salio, wewe tunakujua kwenu. Mwaka jana ulikuwa mnene. Huo unene umeupeleka wapi? Nyumbani kwa mama?"

Hakuna aliyecheka tena.

"Jibu, binti!" sauti ikatoka dirishani.

"Mama na mwana, chungu kimoja!" ikajibu nyingine.

Nilisimama na vitabu vyangu. "Vitabu hivi hapa! Kila senti ipo humu!"

"Mama Hazina, keti!" akasema Dereva. Hakuwa mkali, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Aliye jukwaani ndiye anayejibu. Ndiyo desturi. Vitabu umeandika mwenyewe, nani aliwahi kuviona?"

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyewahi kuviona. Tuliwazoesha kuamini jukwaa, na sasa jukwaani yuko mwanangu.

Binti yangu akatazama kushoto, kwenye pazia. Ndivyo walivyofundishwa: ukikwama, tazama kushoto, neno litakuja.

Nikashusha pumzi. Sasa, nikasema moyoni. Sasa atatoka.

Pazia likatikisika kidogo, begani kwangu. Na nikasikia. Nilikuwa karibu mno nisisikie.

"Sema ulikosea," mdogo wangu alinong'ona. "Sema ulinogewa na vicheko. Omba radhi. Lia kidogo."

Binti yangu akayapokea maneno kama anavyoyapokea siku zote, bila kupepesa. Akageukia watu.

"Wazee wangu," akasema, na sauti ikafika mpaka nyuma, "mwaka jana mimi nilikosea. Nilinogewa na..."

Kuna dada anayeficha aibu ya mdogo wake mpaka kaburini, na kuna mama. Miaka yote nimejitahidi kuwa wote wawili. Sikupata muda wa kufikiri ni yupi anasimama. Mmoja alikuwa ameshasimama.

Niliingiza mkono nyuma ya pazia, nikamshika kifundo cha mkono.

"Dada, hapana," alinong'ona. "Dada, watu!"

Nikamvuta. Alijaribu kujikita, kashika nguzo ya pazia, na nguzo ikaja naye. Pazia la kushoto likaanguka lote, likatufunika, nikalitupa pembeni kwa mkono mmoja. Tukapanda ngazi mbili za jukwaa, mimi mbele, yeye nyuma na shati lake jeupe limetoka kiunoni. Miaka yote ya kikundi hiki, wanachama walikuwa hawajawahi kumwona Mkurugenzi akisimama jukwaani mchezo ukiendelea. Hakujua hata mikono aiweke wapi.

"Mama, usifanye," binti yangu akasema.

"Shuka, mwanangu. Si zamu yako."

"Mama..."

"Shuka!"

Akashuka.

Nikawageukia wanachama. "Desturi inasema aliye jukwaani ndiye anayejibu. Huyu hapa. Maneno yote mliyowahi kuyasikia hapa juu yalitoka kwake, ya mwaka jana na ya leo. Muulizeni yeye. Akimaliza, mtaniuliza mimi, na vitabu nitavifungua ukurasa kwa ukurasa, hata mkilala."

Mwenye ukumbi akakunjua miguu. "Kwani kuna nini hapa?" aliuliza. "Pesa zipo au hazipo?"

Watu wakamgeukia Mkurugenzi.

Nikamwachia mdogo wangu mkono. Alama za vidole vyangu zilibaki zimeandikika. Alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu akiwa mtoto, akinisubiri nimwambie la kusema.

Sikumwambia. Nilishuka, nikapita meza yangu bila kukaa, nikaenda mstari wa pili kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya Dereva. Dereva akasogeza goti nipite.

Nikapaza sauti kama mwanachama yeyote mwenye swali:

"Mkurugenzi, ile 'miaka mitatu' ulimnong'oneza nani?"